Kinachokunywa Usiku

Ijumaa jioni: kumi na mbili nukta saba.
Nimeandika kwa penseli mlangoni mwa kabati,
chini ya namba za wiki jana, chini ya za wiki juzi.
Jumatatu asubuhi: kumi na moja nukta tatu.
Nazungusha ufunguo. Injini inakohoa mara moja
kama mtu aliyekumbushwa deni,
kisha kimya.
Bata wawili wa mferejini wananitazama.

Douwe, jirani wa gatini, alisema nunua mpya.
Hii ndiyo mpya, Douwe. Ya pili tangu Aprili.
Akavuta kofia masikioni: basi ni chaja.
Nikabadili chaja.
Basi ni baridi.
Oktoba ya Friesland husingiziwa mengi.

Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo nikaanza kuvua.
Nikachomoa waya hasi, nikaweka mita katikati,
nikang'oa fyuzi moja moja, nikizipanga kwenye sahani ya chai:
taa ya mlingoti, redio, honi,
jokofu la baba ambalo bado linanuka jibini.
Mita ikasoma sufuri. Nikazirudisha. Sufuri.
Mwizi gani huyu, haibi akiona mtu?

Na waya zote ni za kahawia.
Baba alinunua roba nzima kwa bei ya kutupa, mwaka themanini na saba,
akaifunga mashua yote kwa rangi hiyo moja.
Mimi nazijua, alisema.
Alizijua.
Nilimpigia huko Bolsward, kwenye nyumba ya wazee.
Akaniuliza mimi ni nani. Sietske, nikasema.
Akaniuliza kama Sietske nimemwona.
Nikataja betri, na sauti yake ikanyooka kama kamba iliyovutwa:
Ule wa chini haupiti swichini. Usiuguse.
Kisha akataka kujua kama leo kuna supu ya njegere.

Nikalala humo humo, buti miguuni,
mita imening'inia msumarini, inawaka kijani.
Sufuri. Sufuri. Mvua juu ya turubai. Sufuri.
Saa nane na kitu, tano.
Tano kamili! Na chini ya sakafu mngurumo,
mdogo, wa koo lenye makamasi,
na upande wa pili, kwenye matete, nisikopita kamwe,
kitu kinatema maji mferejini.
Dakika mbili. Ikanyamaza.
Robo saa, ikaanza tena.

Nikainua mbao, nikashusha tochi.
Pale shafti ya rafadha inapopenya kwenda nje,
uzi wa maji, mwembamba kama wa kushonea,
ulikuwa unaingia bila haraka, bila aibu.
Chini yake boya, na pampu ya baba,
na waya wa kahawia uliokwenda moja kwa moja kwenye betri.

Miezi sita nimeitukana betri.
Nimeiita mvivu, nimeiita bandia,
nimemwandikia muuza duka barua ya ukali wa kurasa mbili.
Na yote hayo, mimi nikiwa kitandani mjini,
yeye alikuwa gizani anakomba maji,
anakomba, mpaka tone lake la mwisho la nguvu,
ili asubuhi nikute mashua ya kuilalamikia.
Zile mbili za kwanza niliziuza kwa chuma chakavu.
Nilipata euro tisa.

Kulipopambazuka nikashika spana.
Robo mzunguko, nikangoja. Robo tena.
Uzi ukakatika, ukawa tone, kisha tone lililosita.
Hapo nikaacha: shafti nayo huhitaji kulowa kidogo,
ukiibana kabisa itaungua.

Douwe akapita na mbwa wake. Ilikuwa baridi, siyo?
Nikamwambia ndiyo.
Kisha nikakata kipande cha utepe mwekundu,
nikauzungushia ule waya wa chini,
nikaandika kwa wino usiofutika, herufi kubwa,
kwa yeyote atakayekuja na tochi baada yangu:
HUU USIUGUSE.